Maiki ya waya ingebaki mezani

Karambu, uko? Ruracio ya Wamucii, ile sherehe ya mahari, imeharibika. Ken, ndugu ya Muchiri bwana harusi, ako nyuma ya tenti analia.

Si yeye ndiye wa spika, na alikuwa na maiki mbili? Ile ya waya ya kanisa, na hii mpya ya dijitali ya kubandika kwa koti. Mama yake akamwambia atumie ya waya. Akasema hiyo ni ushamba.

Sasa wazee wa upande wa bwana harusi wakatoka kushauriana huko nyuma ya zizi. Mjomba wao, msemaji, akaenda na maiki kwa koti. Ya waya ingebaki mezani, Karambu. Ingebaki mezani.

Spika ikasema na sauti ya mjomba, "Mtu asitaje huyo mtoto wa Muchiri aliye Kutus."

 Ken akakimbia akachomoa waya. Ya ile maiki ya kanisa. Spika ikaendelea, "Wakijua, tutarudi na mbuzi zetu."

Wamucii akatoka kwa nyumba na nguo yake ya sherehe. Akauliza Ken polepole, mtoto anaitwa nani.

Ken akamwambia. Ngatia.

Jina la baba ya Ken na Muchiri, lile kijana wa kwanza wa Muchiri hupewa. Wamucii alikuwa ameliweka la kijana atakayemzaa yeye.