Filimbi Isiyopumua

Lufingo, Rungwe

Mdogo wangu Amoni,

Ugonile. Natumaini wewe, shemeji na watoto mnalivumilia joto la Mtwara. Sisi tu wazima, mvua haijatuachia, migomba imestawi, na goti langu linalalamika kila nikipanda kutoka stendi.

Uliniuliza kwa nini Mama alikukatia simu. Nilikujibu kwamba amekasirika kwa sababu huji nyumbani. Naomba nianzie mbali kidogo. Unanijua, siwezi kueleza kitu bila kukifungua.

Tangu nistaafu ualimu naunda mashine ya sauti kwa vipuri vya redio mbovu za fundi Rajabu. Sehemu ya kwanza hutetemesha umeme, spika ikatoa mlio mkali kama wa nzi ndani ya kopo. Ya pili ni chujio, hupunguza ukali huo mpaka ulainike. Ya tatu huongoza nguvu: mlio uanze taratibu, utulie, ufifie. Nyingine hutoa mvumo tu, kama mvua juu ya bati. Rajabu alinitania kwamba redio zake zilikufa kwa heshima, mimi nimezifufua zinalia kama mbuzi. Lakini nilizipatanisha mpaka nikapata sauti ya filimbi.

Mama haoni tena, na kila jioni alikuulizia. Nikataka kumfurahisha, nikapiga kwa mashine ule wimbo wako wa filimbi wa kuchungia ng'ombe. Mvumo niliuzima, nikiona unachafua sauti. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza Amoni anapumua wapi.

Kumbe ule uchafu ndio ulikuwa pumzi yako. Alisema apigaye filimbi bila kuvuta pumzi si wa duniani tena, na kwamba namficha msiba. Nikampa mashine aipapase. Akasema basi ndiyo hiyo ninayoisemesha kwenye simu kwa sauti yako.

Ndiyo maana alikukatia simu. Hajakukasirikia, Amoni. Anakulilia. Ameketi kwenye mkeka, kanga kichwani, anataka wazee wa kanisa waje kwa sala ya msiba wako, nimewasihi wasubiri. Yote haya niliyajua uliponiuliza, nikakutupia wewe lawama kwa kuona aibu, mwalimu mzima. Nisamehe.

Njoo mwenyewe, simu haitasaidia. Ukishuka kwenye basi, panda kilima bila kupumzika, uingie ndani ukihema.

Wasalimie shemeji na watoto. Shemeji yako Agness ameshatandika kitanda chako.

Ni mimi kaka yako,
Nsajigwa