Shuka la Harusi Kwenye Kona ya Ndege

...na kilichotuchelewesha kuja Moshi, dada Eliza, ni Lohay! Mume wangu mpenzi (ah, napenda kuliandika neno hili!) anafundisha vijana kurusha ndege hapa Karatu: kupaa, kuzunguka uwanja, kutua, kupaa tena. Likizo hapati mpaka Lohay, mwanafunzi wake wa mwisho, azunguke peke yake, naye kila mara alipitiliza kona ya kugeukia kuja kutua. Kona yenyewe iko juu ya paa letu. Basi nikamnong'oneza, "Kesho ukiona shuka jeupe kwenye kamba yangu, geuka."

"Mwalimu akijua je, mama?"

"Atajuaje? Mfuaji si mimi?"

Jekundu lisingefaa, angegeukia kila mchungaji wa Kimasai! Nikaanika lile ulilotutunza harusini. Jana aligeuka pale pale, tena na tena, hadi mwalimu akashuka akamwachia ndege. Akazunguka peke yake, akatua kama njiwa.

Mume wangu akarudi akitamba: "Umeona ninavyofundisha?" Nikambusu, nikaenda kuanua shuka.

Likizo imetoka, dada yangu kipenzi! Tupikie mtori; kabla mwezi huu haujaisha tutabisha hodi.