Baba Aliyepatikana

Dada yangu,

Huku hatujambo. Mwanetu ameng'oka jino la mbele, na cherehani yangu imeshatengemaa.

Afisa wa ustawi wa jamii ametusaidia kweli. Alimsaka baba mtoto miezi saba mpaka akampata. Jana kamkalisha ofisini kwake, nami nikiwepo, na baba mtoto kasaini kwamba ada na matibabu ni juu yake. Nilidhani nitamtukana. Wala, nilitazama feni tu.

Mwanetu alikuwa kwenye benchi nje. Baba yake alipotoka, mtoto akamdhania mfanyakazi wa pale, akamwamkia: "Shikamoo anko. Mama anasema hapa mnatafuta baba za watoto. Wangu mmempata?"

"Bado," akamjibu, akaenda zake.

Nikamshika mtoto mkono tukarudi nyumbani, dada. Leo asubuhi kaniuliza tutarudi lini kuulizia.

Mdogo wako