Stoo ya Mashuka

4 Machi

Kaka Randa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na wifi hajambo. Mimi mzima, isipokuwa hapo panapouma.

Panauma kwa sababu nina mawe kwenye nyongo. Daktari wetu wa upasuaji ameniambia mara tatu yatolewe, na mara tatu nimempa udhuru: zamu zimebana, mashine inasumbua, mwenzangu kajifungua. Jana akasema, "Udhuru umekwisha, Sista. Ijumaa, tarehe ishirini na tisa."

Kaka, naogopa. Miaka kumi na minane kazi yangu ni kuwalaza watu usingizi wa operesheni. Nakaa kichwani, nawaambia wahesabu kurudi nyuma kutoka kumi, na hakuna aliyewahi kufika moja. Juzi nilijaribu mwenyewe jikoni. Nilipofika saba nikaketi chini.

Na wakizinduka husema mambo. Mwalimu mkuu mmoja alimlilia paka wake. Mchungaji mmoja alitukana mpaka dripu ikaona haya. Mimi nitatoa lipi mbele ya wenzangu?

Mdogo wako,
Sindano

12 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Marahaba. Mgongo na wifi yako wote wananigombeza, kwa hiyo ni wazima.

Kwanza nilicheka, unisamehe. Nani aliniambia mwaka juzi, nilipokuwa natetemeka na ngiri yangu, "Operesheni ndogo tu, mtu mzima usinitie aibu"? Mkuki kwa nguruwe, dada. Operesheni ndogo ni ile anayofanyiwa mwenzako.

Halafu nikaacha kucheka. Nitakuja. Uliahidi kusimama kichwani kwangu mpaka niamke, na ulisimama. Namwambia hivyo kila mteja anayeingia karakana yangu. Mimi hawataniruhusu ndani, lakini kuna benchi nje ya ule mlango, na sitabanduka.

Kaka yako

15 Machi

Kaka,

Shikamoo. Nyumbani hawajambo?

Usije. Kuna jambo nimekuficha; nikizinduka na wewe uko kando ya kitanda, litanitoka, na afadhali ulisome kuliko kulisikia kwa mtu aliyelewa dawa.

Sikusimama. Mwenzangu alipokulaza, mkono wako ulilegea ndani ya mkono wangu. Nimeona maelfu ya mikono ikilegea, nikashindwa na huo mmoja. Nilitoka. Nilijifungia kwenye stoo ya mashuka saa nzima na nusu, uso kwenye rundo la mashuka na mablanketi, nikilia kama mtoto. Nilirudi waliponigongea kwamba umeanza kukohoa. Ukafumbua macho, ukanishukuru kwa kusimama, nami nikazipokea zile shukrani. Miaka miwili nazibeba na si zangu.

Nisamehe ukiweza.

Mdogo wako

24 Machi

Kaka,

Shikamoo. Siku tisa kimya. Najua posta ilivyo, lakini na wewe nakujua: hujawahi kuchelewesha jibu, hata la utani. Nimejaribu kuahirisha tena, daktari amekataa. Kama umekasirika, kasirika, ila niambie tu kwamba u mzima.

Mdogo wako

27 Machi

Sindano,

Marahaba. Nilikuwa napaua shule ya watu siku kumi, barua zako zikanisubiri mezani. Hii nampa dereva wa lori la mbao ikuwahi.

Nilijua. Nilipofumbua macho siku ile, ulikuwa na mkunjo wa shuka shavuni, kuanzia sikio mpaka kidevu, na mabega yamejaa manyoya ya blanketi. Nimepima mbao maisha yangu yote. Alama kama ile mtu haipati amesimama. Nilinyamaza nisikutie haya. Wateja nawaambia ulisimama kwa sababu kwangu mimi aliyerudi amesimama.

Sijakasirika hata chembe. Nakuja, na benchi ni langu. Mimi nilisema nini nilipozinduka? Hujawahi kuniambia.

Kaka yako

3 Aprili

Kaka Randa,

Shikamoo. Umefika salama? Mimi niko nyumbani, nakula, naoga mwenyewe, nacheka nimeshika tumbo. Mawe yalikuwa kumi na moja. Nimepewa kwenye kichupa, na kubwa kuliko yote halifiki punje ya mahindi. Kwa hilo nilikosa raha mwaka mzima.

Nilihesabu mpaka nane. Hakuna cha kuogopa huko, kaka. Nilisema nane, kisha nikasikia naitwa. Siri hakuna iliyotoka. Nilimshika mkono mwenzangu aliyenilaza nikamwambia, "Tumemaliza, baba, vuta pumzi taratibu." Maneno yangu ya kila siku. Zamu nzima sasa inaniigiza. Wewe, siku ile ya ngiri, ulimwagiza daktari ashike ubao vizuri, unateleza. Akajibu, "Nimeushika, fundi," ukalala tena.

Jambo la mwisho. Mama wa dobi wa hospitalini alikuja kunijulia hali jana. Anasema Ijumaa kuna seremala mmoja alikaa kwenye benchi dakika tano, akainuka, akaomba kazi yoyote ya mikono. Mama akamfungulia stoo. Seremala akakunja mashuka na mablanketi yote, pembe kwa pembe, mpaka alipoitwa.

Hakunishangaza. Ulipoinama kunisalimu, manyoya ya blanketi yalikuwa yamekujaa ndevuni.

Wenzangu wakiuliza, nawaambia kaka yangu hakubanduka kwenye benchi.

Mdogo wako,
Sindano