Mwisho Ulionibadilishia, Mjomba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kwa ulivyokuwa mkali wa salamu, nisingethubutu kuanza bila hiyo, hata kama umeshalala kaburini huko Kwai.

Binti yangu Neema ameniomba nimtajie filamu za zamani zinazofaa kuangaliwa. Nilifurahi mno, maana tangu tumzike mama yake mwaka huu hazungumzi nami zaidi ya "ndiyo" na "hapana", na mama yake hamtaji kabisa. Nikakukumbuka wewe na banda lako la video pale Lushoto, kuta za mabanzi, watu wametoka sokoni wamekalia matenga yaliyokuwa na matunda ya plamsi, nawe umeshika maikrofoni ukitutafsiria Kihindi usichokijua hata neno moja. Ukikwama unachomeka Kishambaa, banda zima hoi kwa kicheko.

Nikamtajia ile ya mpishi mzee anayewachapa majambazi kwa upawa. Nikamtajia na ile isiyo na rangi, ya tarishi anayepanda milima huku akizisoma barua za watu njiani. Hiyo naipendekeza kwa yeyote atakayeisoma barua hii, maana haina haraka, na barua ya mwisho, iliyokosa mpokeaji, kumbe ni ya tarishi mwenyewe. Lakini nikasema aanze na ya yule mama muuza maua aliyepotezana na mwanaye kwenye gulio, akamtafuta mpaka akaota mvi. Nikamwambia ina mwisho mtamu.

Unakumbuka nilipoiona mara ya kwanza? Nilikuwa na miaka tisa, na wiki ileile tulikuwa tumemzika mama, dada yako, kule Rangwi. Ulinikalisha mbele, miguuni pako. Mwishoni yule mama akaanguka mlangoni kwa mwanaye.

"Amezimia tu," ukasema. "Njaa hiyo, na safari."

Wakambeba kwenye machela yenye maua. Ukasema wanampeleka nyumbani kwa heshima. Moto mkubwa ukawashwa, nikakuuliza ni wa nini.

"Baridi, mwanangu! Huoni walivyojitanda mashuka? Wanaota moto."

Nikaamini. Mtoto wa milimani huku, ambako kila jioni tunagombania kukaa karibu na mafiga, ningeachaje kuamini?

Basi Jumapili, baada ya ibada, tukaiangalia mimi na Neema. Safari hii kulikuwa na maandishi ya Kiingereza chini. Yule mama alipoanguka, maandishi yakasema wazi kwamba amekufa. Nilikukasirikia, Mjomba, sikufichi. Nimefika umri huu nikiisifia filamu ya msiba! Halafu nikawakumbuka watu wazima waliojaa bandani siku ile. Walikuwa wameshaiona mara nyingi, nao moto ule walijua ni wa kuchomea maiti. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyekusahihisha. Hapo hasira ikaniisha, nikabaki na uchungu kwamba hukunisikia nikisema asante.

Nilitaka kumfichia Neema kama ulivyonifichia mimi. Nikaanza, "Amezimia tu huyu, mwanangu, ni njaa..."

"Baba, nimesoma," akasema. Ana miaka kumi na tatu, na Kiingereza chake kinakipita changu mbali.

Nikamweleza yote: bibi yake ambaye hakumkuta, wewe, maikrofoni, uongo wako. Alisikiliza bila kuondoa macho kwenye kioo. Kisha akauliza, "Na mama je? Siku ile uliporudi kutoka hospitali ulitaka kuniambia nini?"

"Nilitaka kukuambia amelala," nikasema. "Nikashindwa."

"Bora ulishindwa," akasema, akaanza kulia. Halafu akanieleza habari za mama yake mpaka chakula kikaungua jikoni, mengine hata mimi mumewe sikuwahi kuyajua.

Asante, Mjomba. Mimi ulinipa ulichoona nakihitaji. Yeye alihitaji kingine.

Mpwa wako uliyemkalisha mbele