Chupa Nilizotangulia Nazo

Jumanne, 9 Januari. Melini.

Nimefua tena nguo za ndani kwenye sinki na kuzianika bafuni. Papa Nadine, mume wangu, ananicheka, meli nzima hii ina watu wa kufua. Sitaki mtu anishikie chupi.

Chai, mayai, kisha kuzunguka huko juu, mkono wangu ndani ya mkono wake. Kisangani hanishiki mkono. Huku ananishika. Yeye ndiye huja Dubai kununua vitambaa vya duka, mimi hubaki nyumbani. Safari hii alisema tupande meli ya watalii kwanza, biashara baadaye. "Mama Nadine, na weye uone." Nimeona. Bahari haina ng'ambo. Mto wetu, hata upana ule, una ng'ambo.

Mchana amenunua konyaki moja na wiski mbili kwenye duka la meli. Konyaki itafunguliwa siku ya mahari ya binti yetu Nadine, Jumamosi ya wiki ijayo. Wiski moja ya wakwe, nyingine ya mdogo wa mume wangu, Muhindo. Msichana wa duka alipokea pesa, akabaki na chupa. Nilitaka kupiga kelele. Kumbe ndiyo kawaida yao, kinywaji cha dukani unakabidhiwa siku ya kushuka, la sivyo watu wangenywea chumbani na baa ingelala njaa.

Nina furaha. Naandika hivyo hivyo, bila aibu.

Alhamisi, 11 Januari. Melini.

Amekuwa akienda nje na simu. Nikitokea, anakata. Mteja, anasema. Hakula usiku. Nilipokuwa nachana nywele nilimwona kwenye kioo akiniangalia. Unaangalia nini? "Hapana kitu."

Amechoka, nadhani. Mahari ya mtoto inachosha baba.

Ijumaa, 12 Januari. Dubai.

Tumeshuka. Chupa zilikuwa mlangoni asubuhi, ndani ya boksi, salama.

Nilitaka kuzibeba mkononi hadi nyumbani. Amekataa. Za meli hazipiti na abiria. Zinazopita ni zile za duka la ndani ya uwanja wa ndege, tena zikiwa kwenye mfuko uliofungwa, na hata hizo wanaweza kukunyang'anya mahali pa kubadilisha ndege. Zetu ziende chini, na mizigo. Bon. Anajua zaidi yangu. Akafungasha mwenyewe, kila chupa ndani ya nguo, akanisukuma pembeni nilipotaka kusaidia.

Halafu, begi likiwa limefungwa, ndipo aliposema. Kontena lina matatizo. Anabaki kidogo.

"Weye tangulia na chupa. Miye nitakuya mbele ya siku ya mutoto."

Nilikasirika. Angeniambia tangu melini. Tumelala migongo ikitazamana.

Jumapili, 14 Januari. Kinshasa.

Sijui nianzie wapi.

Uwanjani Dubai alinikumbatia mbele ya watu, muda mrefu, mpaka mwanamke wa nyuma yetu akakohoa. Hasira yangu ikaisha. Nilipanda ndege nikitabasamu kama msichana.

Addis nilisinzia kwenye kiti. Hapa Kinshasa mtu wa forodha, binti mdogo mwenye kucha ndefu, akaniambia nifungue begi. Aliziona chupa kwenye mashine. "Mama, hii yote ni ya kunywa peke yako?" Nikamwambia ni ya mahari ya binti yangu. Akacheka, lakini alitaka kuona.

Akaanza kufungua nguo. Wiski ya kwanza ilikuwa ndani ya suruali yake ya kanisani. Ya pili ndani ya fulana anayolalia. Konyaki ilikuwa ndani ya shati la kitenge. Kitenge kile kile cha gauni langu na cha Nadine, tulichoshona sote kwa ajili ya siku ile. Alisema analibeba avae melini. Hakulivaa. Kwenye mfuko wa shati mlikuwa na funguo. Duka, depo, sanduku. Zote. Chini kabisa, viatu vyake vya nyumbani.

Yaani kila kitu alichotoka nacho Kisangani kimerudi, isipokuwa yeye.

Binti wa forodha akauliza, "Papa iko wapi?"

Nikasema anakuja. Neno halikukaa vizuri mdomoni. Akaniangalia, akazikunja nguo mwenyewe, taratibu, akanifungia begi. Hakuniomba kitu.

Nimempigia. Simu inaita tu.

Jumatatu, 15 Januari. Kisangani.

Nimefika. Joto. Nadine alikuwa uwanjani, akanikumbatia huku macho yake yakipita juu ya bega langu, yakimtafuta babake kati ya abiria. "Papa iko nyuma?" Nikasema ana kazi. Hakuna chupa iliyovunjika. Nilitamani zingevunjika zote.

Simu inaita.

Jumanne, 16 Januari.

Nimekwenda dukani. Muhindo ndiye aliyekuwa akiuza, kwa funguo za akiba, kaka yake akiwa safarini. Sikusalimu. Niliweka funguo mezani. Alizitazama, akakaa chini juu ya robota la vitambaa, akashika kichwa. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

Iko mwanamke huko Dubai. Mkongomani, anauza nywele. Iko na mtoto, tayari anatembea. Muhindo alijua.

"Yaya," akaniita, kama dada yake mkubwa, "alinikataza kusema. Ni mukubwa wangu."

Nikamuuliza, na meli? Kwa nini anipeleke melini mtu anayetaka kuniacha? Akasema kaka yake hakutaka kuondoka bila kunifanyia kitu kizuri.

Kumbe nilikuwa naagwa. Mkono ule alioushika, kioo kile, kumbatio lile. Nilidhani ananipenda upya.

Nililalia meza ya kupimia nikalia mpaka wateja wakageuka mlangoni. Muhindo akafunga duka. Namchukia. Lakini yeye ndiye aliyenisindikiza nyumbani.

Jumatano, 17 Januari.

Sauti ya Papa Nadine imeingia kwenye simu, ujumbe aliorekodi. Fupi. Nimsamehe. Duka na nyumba ni vyangu. Hawezi kusimama mbele ya Nadine na uso huu, kwa hiyo hatakuja. Nyuma ya sauti yake kuna mtoto anaita papa.

Nimesikiliza mpaka simu ikazimika. Umeme hakuna. Bwawa la umeme liko pale, tunaishi kwenye komini, kata ya mji, yenye jina la mto unaouzalisha, na giza ni letu.

Nataka kufa kidogo. Si kufa kabisa. Kidogo tu, mpaka Jumapili.

Alhamisi, 18 Januari.

Nimemwambia Nadine. Alikuwa anachambua pondu, majani ya muhogo. Aliendelea kuchambua, majani yakawa yanaanguka chini badala ya kwenye sufuria. Akasema tuahirishe. Nikakataa. Akasema, "Nani atanitoa, mama? Wakwe ya Banalia watauliza." Nikasema waulize. Akaniita mtu asiye na moyo. Ametoka, amelala kwa rafiki yake.

Laiti nisingekuwa na moyo.

Ijumaa, 19 Januari.

Amerudi asubuhi na mapema, macho yamevimba. Alichukua ndoo akaanza kuosha viti vya kukodi. Tumefanya kazi siku nzima. Kuku, samaki, mchele. Shughuli inasaidia. Muhindo ameleta turubai.

Amesema kesho atawaambia wageni kwamba ndege imemkwamisha kaka yake. Nimeendelea kukatakata kuku.

Jumamosi, 20 Januari.

Imepita. Niandike kabla sijalala.

Familia ya Trésor, mchumba wa Nadine, ilifika na gari mbili, vumbi la barabara ya Banalia mpaka kwenye nyusi. Watu wema. Walileta mbuzi, chumvi, vitenge, na mtungi mkubwa wa mvinyo wa mchikichi. Muhindo alikaa kwenye kiti cha kaka yake. Kwanza kila kitu kilikwenda kama inavyokwenda, utani, wasichana kufichwa na kutafutwa, kicheko.

Ndipo msemaji wao, mjomba wa Trésor, mzee mwenye kofia, akauliza: "Donc, papa wa mutoto tutamusalimia wapi?"

Muhindo akasimama. "Mzee, ndege imemu—"

Nilimwona Nadine. Alikuwa ameinamisha kichwa, kidevu kimegusa kitenge. Nikafikiria: ataingia kwenye ndoa na uongo, na ataulinda maisha yote, kila Krismasi, kila mtoto akizaliwa. Miguu ikanisimamisha.

"Hapana," nikasema. "Ndege haikumukwamisha. Papa yake haiko na hatakuya. Ametuacha. Mumusalimie mama yake."

Nilimsikia mbuzi. Shangazi mmoja wa kwao akajifunika mdomo kwa kitenge. Nilijua wanaweza kuinuka na kupakia vitu vyao garini, na ingekuwa kosa langu.

Mzee akavua kofia. Akamtazama Trésor. Trésor, ambaye siku hiyo hatakiwi kusema chochote, akasema, "Tonton, miye nimekuya kwa Nadine."

Mzee akanigeukia. "Bon. Mama, tukikupa weye mbuzi, mikono yako itaikamata kamba?"

"Itaikamata."

Muhindo akahama kwenye kile kiti. Nikakaa. Nilipokea vyote, kimoja kimoja. Konyaki niliifungua mwenyewe. Nyingine ikamwagika mezani. Nikammiminia mzee, nikammiminia Trésor. Nadine alikuja, akachukua glasi mkononi mwangu, akanywa kwanza yeye, akaninong'oneza, "Asante, mama." Ilimuunguza koo akakohoa, watu wakacheka.

Mimi sikunywa. Baada ya wote kuondoka nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa sauti. Jirani akaja. Alikaa nami mpaka nikamaliza.

Jumapili, 21 Januari.

Sikwenda misa.

Jumatano, 24 Januari.

Papa Nadine alipiga. Sikupokea. Halafu nikajuta, nikaikodolea macho simu irudie kuita. Haikurudia.

Jumatatu, 29 Januari.

Mvua asubuhi. Nimefungua duka mwenyewe. Nimefagia, nimepanga vitambaa upya, vyeupe mbele. Mwanamke mmoja ameingia na mwavuli unaovuja, amesimama mlangoni asilowanishe sakafu.

"Papa iko?"

"Haiko."

"Nirudi wakati gani?"

"Ingia tu, mama. Ulitaka nini?"

Alitaka kitambaa cha bluu, cha sketi za shule. Nikampimia.