Kidude cha Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 4 Machi
Kidude kimenigomea tena. Mlango wa nyumbani ukifunguliwa, kinatakiwa kinitumie meseji. Kinafika pale pa kutuma — taa inazimika — kinaanza upya kana kwamba hakijaona mlango wowote. Wiki iliyopita mama alitoka, akakutwa stendi, hakumbuki nyumba iko wapi. Dada anataka tuweke kufuli. Nimemwomba wiki moja. Mama yangu hafungiwi kama mbuzi.

Jumanne, 5 Machi
Nimeandika programu upya, mara ya ngapi hata sijui. Dukani, juu ya meza yangu ya kutengenezea simu, kinatuma vizuri tu. Nyumbani kinakata roho. Nimebadilisha laini, nimebadilisha antena. Nimechoka mpaka nimemjibu mteja vibaya, na simu yake iliingia maji tu, maskini.
Dada kauliza kama mgonjwa wangu kapona. Nimekifungua kidude tena.

Jumatano, 6 Machi
Sikugusa. Kichwa kinauma.

Alhamisi, 7 Machi
Mjinga mimi! Dukani kimechomekwa kwenye kompyuta muda wote, kinakula umeme wake. Nyumbani kinategemea chaja peke yake, tena kwa waya mwembamba wa spika niliouzungusha nyuma ya kabati. Nimepima: meseji ikianza kutoka, kile kipande cha simu kilicho ndani yake kinavuta umeme kwa pupa, volti zinaporomoka, bodi inazimia.
Waya mrefu niliuweka kwa sababu ya mama. Hatoki nyumbani bila kuchomoa kila kitu ukutani — pasi, redio, friji — tangu tukiwa wadogo. Nyumba yake haitaungua akiwa hayupo, ndivyo anavyosema. Jina langu lilimpotea Jumapili. Hilo la kuchomoa halijampotea. Ndiyo maana chaja niliificha.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeachana na ukuta. Betri nene, waya mfupi, kapasita kubwa ya kuweka akiba ya umeme, ibebe ule mvuto. Nimekifunga juu ya mlango, nyuma ya pazia, mama akinishikia kiti. Kauliza naweka nini. Nikasema kengele. Ya wageni? Nikasema ndiyo. Kafurahi. Roho imeniuma.
Mtandao haukuwepo jioni nzima. Nitajaribu kesho.

Jumamosi, 9 Machi
Kimetuma. Nilikuwa dukani, simu ikatetemeka: MLANGO UMEFUNGULIWA. Maneno yote, hayajakatika. Nikamwonyesha fundi mwenzangu, tukagongeana mikono, tukacheka. Nilidhani dada anakijaribu. Nikampigia nijisifu kidogo. Hakupokea. Nikaendelea kumweleza mwenzangu habari za kapasita. Nikapiga tena, ndipo akapokea. Alikuwa nyuma ya nyumba anafua, simu kaiacha ndani.
Meseji ilifika kwa wakati. Mimi ndiye niliyechelewa.
Sasa niko nyumbani. Wamesema nikae hapa, mama akirudi akute mtu. Dada kaenda upande wa stendi, jirani upande wa soko. Viatu vya mama vya kutokea havipo. Friji kaichomoa. Redio, pasi, chaja ya dada, vyote. Kidude tu ndicho kinawaka, hakukiona.
Friji inavuja maji sakafuni. Sijaichomeka. Naona nikiichomeka nitakuwa nimemkosea.
Giza limeanza kuingia. Simu imetetemeka. MLANGO UMEFUNGULIWA.
Ni dada. Karudi kuchukua tochi.